Simu ya Baba Isiyomfikia Mtoto Kiziwi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, simu ya baba aliyeko Arabuni ina desturi yake. Mama hutangulia, kisha simu hupita mkono kwa mkono, kila mtoto akapata fursa ya kumwamkia mzazi wake. Iwapo miongoni mwao yumo kiziwi, simu humruka. Hakuna anayemchukia, sauti haimfai tu. Hukaa akitazama midomo ya nduguze ikicheka.

Niliikumbuka hali hiyo nilipohudhuria warsha ya intaneti ya kasi katika shule moja ya watoto viziwi. Fundi hakuja na hotuba ndefu. Alikuja na kipande cha mkonga wa mawasiliano, tochi na kompyuta mbili. Mwanafunzi mmoja alimulika ncha ya uzi wa kioo, mwembamba mithili ya unywele. Mwenzake aliyeshika ncha ya pili akaona nukta ya nuru, na darasa zima likapunga mikono hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Wakafahamishwa kuwa habari husafiri kwa nuru ndani ya kioo, kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, na kwamba mkonga wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009, umelazwa chini ya bahari hadi Fujairah. Kijana mmoja akauliza kwa ishara: Fujairah ndiko aliko baba yangu? Mwalimu akamjibu kuwa si mbali na hapo.

Sisi waalimu wa chuoni tumezoea kusema huku mwanafunzi akiandika. Pale mambo hayaendi hivyo. Mwalimu huonyesha ishara, hushusha mikono, kisha hungoja, kwa kuwa jicho linalotazama mikono haliwezi wakati huo huo kutazama kioo cha kompyuta. Ndipo watoto hushika wenyewe: huchomoa waya, huurudisha, huwapigia simu ya video wenzao wa darasa la pili. Fundi akaipunguza kasi makusudi. Picha ikakwama, vidole vikaganda katikati ya neno, na neno likapotea. Sisi tunaosikia, picha ikikwama hubaki na sauti. Wao hawabaki na kitu.

Wako wasemao: si waandikiane tu? Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na kwa wengi wa watoto hawa Kiswahili cha kuandika ni lugha ya kujifunza kwa taabu, kama Kiarabu kwa watoto wetu. Katiba ya mwaka 2010 imeihesabu lugha hiyo miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Huko Indonesia, ziko madrasa ambamo viziwi husomeshwa Kurani kwa ishara.

Nami sina budi kukiri jambo. Miaka mingi iliyopita, mama mmoja aliniletea mwanawe kiziwi chuoni. Nikamwambia, "Binti yangu, hapa tunasoma kwa sauti." Akajibu, "Ahsante maalim," akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Siku hiyo nilikuwa nimeihifadhi Sura Abasa, na sababu ya kuteremka kwake naijua: Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka elimu. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na sijui ni nani aliyemfundisha kusali.

Msikiti wetu hulipia intaneti kila mwezi ili darsa zirushwe kwa video, na kamera hunitazama mimi peke yangu. Nimeiomba kamati tumweke mkalimani wa lugha ya ishara ndani ya picha hiyo hiyo. Watoto wa ile shule wamekwisha kunielekeza: asifinywe pembeni, asimame penye mwanga, na avae nguo ya rangi moja, isiyofanana na ngozi yake, ili vidole vionekane. Mkalimani tumempata. Ujira wake ndio ambao bado tunautafuta.