Je, Wajua? Hadhira ya Kamĩrĩĩthũ Ilisahihisha Tamthilia

Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mazoezi ya tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani, na wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, wakawa wanasahihisha lugha ya wahusika wazee na historia iliyosimuliwa, hivi kwamba hadhira, yaani watazamaji, ikawa mtunzi mwenza, heshima ambayo kumbi chache huipa. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba katika ukumbi usio na paa uliojengwa na wanakijiji wenyewe, lakini tarehe 16 Novemba serikali iliondoa leseni, yaani kibali cha kuonyesha hadharani. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.