Saa Njema ya Kupiga Mbiu

Wazee wetu wa pwani hawakusafiri, wala hawakuoza binti, wala hawakushusha jahazi majini, ila kwanza wameuliza siku. Mwalimu alifunua kitabu chake cha falaki, akahesabu nyota ya mtu kwa herufi za jina lake na la mama yake, kisha akasema kwamba Jumatano ya mwisho wa mfungo huu ni nuhusi, au kwamba saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza siku ya Alhamisi ni saa njema ya kutafuta riziki. Na muulizaji akatoa sadaka yake, akaenda zake ametulia moyo. Nilidhani elimu hiyo imekwisha kuzikwa pamoja na wenyewe, mpaka mpwa wangu, ambaye anauza madera na kanga Kariakoo na kuitangaza bidhaa yake Instagram, aliponionyesha katika simu yake jedwali lenye siku saba upande mmoja na saa 24 upande wa pili, lililopakwa rangi hafifu hapa na rangi nzito pale, akaniambia kwa yakini ya mtu aliyevaa hirizi, "Mjomba, Jumanne saa tatu asubuhi ndiyo yenyewe. Ukiposti hapo, watu wanakuja wenyewe."

Nilimwuliza wamekuja wangapi. Akacheka, akageuza simu.

Majedwali ya namna hiyo yana wenyewe, nao si wapiga ramli. Yako makampuni, kama Sprout Social ya Chicago, Hootsuite ya Vancouver na Buffer, ambayo kazi yao ni kuuza programu za kupangia machapisho ya mitandaoni. Na kwa kuwa machapisho ya wateja wao hupita mikononi mwao kwa mamilioni, wanaweza kuhesabu ni saa ipi iliyovuta laiki nyingi na komenti nyingi, kisha wakatoa matokeo yao kwa umma, bure, kama mwenye duka atoavyo kionjo cha halua. Siidharau hesabu hiyo. Ila mtu akiyaweka majedwali mawili matatu pamoja huona kwamba hayapatani: moja husifu asubuhi, la pili adhuhuri, la tatu jioni, wala hakuna aliyesema uongo, bali kila mmoja amehesabu wateja wake mwenyewe, kisha akawachanganya wote katika chungu kimoja, mwuza viatu na mwanasheria, kanisa na klabu ya mpira, akapata wastani. Na wastani ni mtu asiyezaliwa na mama yeyote. Huyo wa majedwali hayo hasa huishi Ulaya na Marekani, huenda kazini kwa treni ameketi, na intaneti yake hulipiwa kwa mwezi mzima kama maji ya bomba. Ukimpandisha gari la Mbagala saa moja ya asubuhi hatadumu kituo cha pili.

Kisha kuna saa yenyewe. Sisi, ambao saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa pale jua linapochomoza, tumezoea kutafsiri kila tunachokiona katika kioo cha simu: simu huandika 19:00 nasi tukasoma saa moja usiku, wala hatuoni taabu. Lakini tafsiri hiyo haitoshi pale saa inapokuwa imetoka nchi nyingine, maana jedwali la mpwa wangu, nilipolisoma maandishi yake madogo ya chini, lilikuwa limeandikwa kwa saa za New York. Saa tatu ya asubuhi ya huko, katika majira yao ya joto, ni saa kumi alasiri Dar es Salaam, na katika majira yao ya baridi, wanapokwisha kurudisha saa nyuma, ni saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo miezi miwili mizima binti huyu alikuwa akipandisha picha zake saa tatu asubuhi, akiamini kwamba anaifuata elimu, na hali elimu yenyewe, kule ilikotoka, ilikuwa saa nane ya usiku, imelala usingizi wa pono.

Watu wa umri wangu tulikulia katika zama ambazo saa ilikuwa moja kwa wote. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotangaza vifo, au ilipowasomea wasikilizaji salamu zao, aliyekuwapo karibu na redio alisikia, na aliyekuwa shambani alipashwa na jirani; tangazo lilitoka mara moja kinywani mwa mtangazaji na kupotea hewani. Mitandao nayo ilianza karibu na tabia hiyo. Twitter ilipoanza mwaka 2006, na Instagram mwaka 2010, lililo jipya lilikaa juu na lililotangulia likasukumwa chini, hata mwenye kuchapisha wakati watu wamelala aliamka na kulikuta neno lake limezikwa chini ya maneno ya waliochelewa kulala. Mwaka 2016 mambo yakageuka. Twitter mwezi wa Februari, na Instagram kwa tangazo la mwezi wa Machi, ziliacha kupanga kwa saa peke yake zikaanza kupanga kwa kukisia kile ambacho kila mtu angependa kukiona kwanza. Na Instagram ilitoa sababu yake, kwamba watu kwa wastani walikuwa wakikosa kuona asilimia 70 ya yale waliyoletewa. Mwaka 2021 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza hadharani ni mambo gani programu yao huyatazama katika kupanga huko: habari za chapisho lenyewe, ikiwamo saa lilipochapishwa, habari za mtu aliyelichapisha, mwenendo wa mtazamaji, na mazoea yaliyopo baina ya wawili hao. Mwaka uliofuata ilirudishwa njia ya kutazama kwa mpangilio wa saa, lakini ni kwa mwenye kuitaka, naye hana budi kuichagua upya kila afunguapo.

Basi saa haikufa. Imeuzuliwa usultani ikapewa uwaziri. Bado ina neno, lakini neno lake si la mwisho. Katika TikTok uwaziri wenyewe ni wa heshima tu, maana video ya Jumatatu yaweza kumfikia mtu Alhamisi, ameletewa na programu bila kuitafuta. Na stetasi ya WhatsApp, iliyokuja mwaka 2017, huishi saa 24 kisha ikafutika, maana yake kila saa ya mchana na ya usiku huipitia mara moja. Anayeumiza kichwa juu ya dakika ya kuiweka anajichosha.

Lakini hebu tuitazame siku ya mtu wa Dar es Salaam, kwani huko ndiko jedwali la kweli liliko. Alfajiri ameamka, ameswali au hakuswali, anatafuta maji na nauli. Saa moja asubuhi yumo ndani ya daladala au mwendokasi, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu na wa pili umeukumbatia mfuko wenye simu kwa hofu ya vibaka. Huyu hatazami madera. Saa nne, wakati wa chai, huichungulia simu kidogo, lakini kwa uchumi, kwa kuwa kifurushi cha siku alichonunua kitakwisha kabla ya siku kwisha, na picha nzito humla bando kama mchwa. Mchana ni wa joto na wa kazi. Jioni ni foleni ile ile ya asubuhi imegeuza uso. Magharibi ni ya swala na jiko, na saa mbili usiku ni ya taarifa ya habari, ambayo katika nyumba nyingi bado baba hakubali ipigiwe kelele. Ni hapo baadaye, kuanzia saa tatu hivi, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, mama amenyoosha miguu kitandani, feni inazunguka kama umeme haukukatika, ndipo simu inapopata mwenyewe. Zamani saa hiyo ilikuwa ya barazani, ya kahawa na kashata na maneno ya watu, na leo baraza imehamia kiganjani, na maneno ya watu hayakupungua.

Nilimwomba mpwa wangu aache jedwali la New York, anionyeshe ukurasa ambao Instagram yenyewe humpa kila mwenye akaunti ya biashara, unaoonyesha wafuasi wake huwamo mtandaoni saa zipi. Hakuwa amewahi kuufungua. Ulikuwa na vinguzo vya rangi vilivyosimama safu, kila kimoja kwa masaa matatu matatu: vya usiku wa manane vifupi kama vidole vya mtoto, vya asubuhi vimejikongoja, na kile kilichoandikwa tisa ya usiku kwa hesabu ya simu, yaani saa yetu ya tatu, kimesimama peke yake kama mnara. Alikitazama kitambo, akasema, "Kumbe walikuwa wananingoja usiku."

Akanikumbusha vile vile kwamba wateja wake si wa Dar es Salaam tu. Anao wanawake wa Muscat, wenye asili yao Unguja, ambao kanga mpya huwapendeza kuliko dhahabu, na anao wachache wa London. Tukakaa kuhesabu. Saa tatu usiku yetu ni saa nne usiku Muscat, ambako watu hawajalala bado, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa tangu mwaka 2013 mapumziko ya juma ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Na London ni saa kumi na mbili au saa moja jioni, kwa kufuata majira, mtu ndiyo kwanza ameingia ndani anavua koti. Saa moja ikakusanya miji mitatu. Walioko Marekani wamo kazini mchana wao, tuwasamehe.

Kalenda nayo ina saa zake. Katika Ramadhani wakati wote hupinduka: baina ya alasiri na magharibi anayeuza kwa wanawake wa pwani hupiga mbiu jangwani, kwani mikono yote imo katika nazi na maandazi, na baraza hufunguka baada ya tarawehe, ikaendelea hata karibu na daku, na katika kumi la mwisho madera ya Idi hayangojei maelezo. Vivyo hivyo mwisho wa mwezi. Picha iliyochapishwa tarehe 18 hupata laiki nyingi kutoka kwa watu wasio na kitu mfukoni, na ile ile ikichapishwa tarehe 27, mishahara imetoka, hupata laiki chache na wateja. Majedwali huhesabu laiki. Mwenye duka hahesabu laiki, kwa kuwa laiki hazinunui unga.

Hata hivyo sikuwa nimeridhika, maana nilimjua binti huyu, na nikamwomba anisomee komenti za zile siku za asubuhi. Zilikuwapo. Chini ya dera moja la zambarau, lililopandishwa saa tatu asubuhi, mtu ameuliza "Bei?", wa pili "Mikoani mnatuma?", wa tatu "Nyeusi ipo?", na wa nne, akiwa Mwanza, ametaka kujua mzigo huchukua siku ngapi. Majibu yote yalikuwa ya saa tano usiku. Mchana kutwa, wakati watu wanne wamesimama mlangoni na fedha zao, muuzaji alikuwa akining'iniza nguo, akimpimia mteja, akibishana na mbeba mzigo, na simu imo ndani ya droo; nao, kama afanyavyo mnunuzi yeyote asiyejibiwa, walikwenda duka la pili, ambalo mtandaoni halihitaji hata kuvuka barabara. (Na ile desturi ya kujibu bei kwa "njoo DM", ambayo imeenea kwa wauzaji wetu kama upele, siijui imeanzishwa na nani, lakini bei iliyofichwa humfukuza mtu mwenye haya na kumbakisha mwenye kutaka kubishana.)

Kwa rai yangu, basi, saa njema ya kuchapisha ni ile ambayo watu wako wameketi na wewe mwenyewe umeketi pia. Wafuasi kuwa macho ni nusu ya jambo. Anayetupia picha kisha akakimbia ni sawa na mwenye nyumba aliyepiga mbiu ya karamu, wageni wakafika, wakakuta mlango umefungwa na jiko baridi. Na mgeni wa namna hiyo, ukimwalika mara ya pili, hukumbuka. Kama kinguzo kirefu ni cha saa tatu usiku nawe saa hiyo unanyonyesha mtoto, chukua kingine, hata kama ni kifupi kidogo. Na kama huna utulivu ila Jumapili baada ya chakula cha mchana, chukua Jumapili, uijaribu wiki tatu nne, uandike katika daftari umeuza nini, si umependwa na wangapi.

Mpwa wangu sasa hufunga duka, hula, huzipanga picha zake akiwa ametulia, na saa tatu u nusu huzipandisha, kisha akakaa nazo mpaka saa tano, akijibu kila mtu na bei yake waziwazi. Ijumaa mchana hagusi kitu mpaka watu watoke msikitini. Na usiku ambao Simba na Yanga wamecheza hachapishi neno. Huiweka simu chaji, akalala mapema.