Homa ya mtoto haingoji kesho: jinsi huduma za afya zinavyofanya kazi kwenye kolini za Itaba na Muyinga

Familia zinazorudi Burundi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania, na wakimbizi wa Kongo wanaoishi Muyinga, huuliza swali moja mtoto anapopata homa usiku: niende kwa nani? Kambini kituo cha afya hakiko mbali na watu wengi wanakijua. Kwenye kolini, kati ya nyumba na kituo kunaweza kuwa na bonde, mto na mlima wa kupanda ukiwa na mtoto mgongoni.

Makala hii inaeleza huduma unazoweza kuzipata karibu na nyumbani, kazi ya mhudumu wa afya ya jamii, mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na wakati ambao hupaswi kumngoja bali uende moja kwa moja kituoni.

Ngazi tatu za kuzijua

Huduma za serikali vijijini zina ngazi tatu. Ya kwanza ni kolini yenyewe, ambako yuko mhudumu wa afya ya jamii. Ya pili ni kituo cha afya, ambacho Warundi wengi hukiita CDS. Hapo kuna wauguzi, dawa, chanjo na chumba cha kujifungulia. Ya tatu ni hospitali ya wilaya ya afya, inayopokea wagonjwa wenye rufaa, upasuaji na uzazi mgumu.

Wilaya ya afya si komini. Mkoa wa zamani wa Muyinga, kwa mfano, ulikuwa na wilaya za afya za Muyinga, Gashoho na Giteranyi. Jambo hili limewachanganya wengi zaidi tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2025, ambapo mikoa 18 ilipunguzwa kuwa 5 na komini 119 zikawa 42. Muyinga sasa iko katika mkoa wa Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mkoa wa Gitega, ambako Itaba iko, umepanuka na kuchukua Karusi, Muramvya na Mwaro. Jina la mkoa au komini kwenye karatasi yako ya zamani linaweza kuwa tofauti na lile linalotumika leo. Hiyo si sababu ya kubaki nyumbani na mgonjwa. Nenda kwenye kituo kilicho karibu nawe.

Mhudumu wa afya ya jamii ni nani?

Kwa Kirundi wanaitwa abaremeshakiyago. Waliotoka Kongo wanawafahamu wenzao kwa jina la RECO. Ni wakazi wa kolini, wanawake kwa wanaume, waliochaguliwa na majirani zao na kufundishwa na kituo cha afya. Hawapokei mshahara wa serikali. Wanalima mashamba yao kama wewe, kisha wanatenga muda wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wamepangwa katika vikundi, na kila kikundi kinafuatiliwa na kituo cha afya cha eneo lake.

Kazi yao ni kuwatambua wajawazito wapya, kuwafuata watoto waliokosa chanjo, kupima utapiamlo, kuelimisha juu ya choo, maji safi na chandarua, na kutoa taarifa kituoni wanapoona ugonjwa usio wa kawaida. Katika kolini ambazo mhudumu amefundishwa na kupewa vifaa, anapima malaria na kuwatibu watoto walio chini ya miaka mitano.

Yapo mambo asiyoruhusiwa kuyafanya. Hadungi sindano, hazalishi wajawazito na hauzi dawa. Mtu akikuuzia vidonge sokoni na kudai kwamba ametumwa na kituo cha afya, usinunue. Toa taarifa kituoni.

Malaria: hesabu saa, usihesabu siku

Tarehe 13 Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, baada ya takribani wagonjwa milioni 1.8 kurekodiwa tangu mwanzo wa mwaka huo. Ugonjwa huu haukai tena kwenye maeneo ya joto peke yake. Milimani, ambako zamani mbu walikuwa wachache, watu hawana kinga kubwa mwilini, na mtoto anaweza kuzidiwa haraka. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyekulia kwenye nyanda za juu za Kivu Kusini kisha akahamia bonde lenye joto.

Malaria inayoenea zaidi katika ukanda wetu inaweza kumtoa mtoto kwenye homa ya kawaida hadi kwenye degedege au upungufu mkubwa wa damu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa na kuanza dawa ndani ya saa 24. Mhudumu huchukua tone la damu kwenye kidole na kusoma majibu baada ya dakika chache. Majibu yakionyesha malaria, mtoto hupewa dawa ya siku tatu.

Makosa mawili hurudia mara kwa mara. La kwanza ni kuacha dawa siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza, na kuziweka zilizobaki kwa ajili ya mdogo wake. Vimelea vilivyosalia hurudi, na mdogo naye hupewa dozi isiyomtosha. La pili ni kudai dawa ya malaria hata kama kipimo hakionyeshi malaria. Homa inaweza kuwa ya nimonia, homa ya matumbo au ugonjwa mwingine. Kipimo kisipoonyesha malaria na homa ikaendelea, nenda kituoni.

Kuhara na kupumua kwa shida

Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi, na upungufu huo ndio unaomuua. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, wala si kikombe kimoja. Mnyweshe kidogo kidogo, na akitapika subiri dakika kumi kisha uendelee. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Pamoja na ORS, mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma, kwa sababu zinki hupunguza uwezekano wa kuhara tena. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kuhusu kifua, mhudumu huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, huenda ana nimonia na anahitaji dawa. Ukiona ngozi chini ya mbavu ikivutwa ndani anapopumua, usingoje kuhesabu. Nenda kituoni.

Dalili za hatari

Ukiona hata moja kati ya hizi, usimngoje mhudumu wala usingoje asubuhi:

- mtoto hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila kitu anachokula au kunywa;
- amepata degedege;
- amelegea sana, haamki au hatambui watu;
- anapumua kwa shida;
- mjamzito anatoka damu, ana degedege, au anaumwa kichwa sana na kuona ukungu.

Katika nyumba nyingi mama husubiri ruhusa ya baba, au bibi mzaa baba ndiye anayeamua mtoto aende wapi. Zungumzeni kabla ya ugonjwa kuingia. Kubalianeni kwamba dalili hizi zinatosha, na kwamba mtu mzima yeyote aliye nyumbani anaweza kumbeba mtoto na kuondoka.

Utepe wa mkononi na jiko la akina mama

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini Burundi walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anaonekana mdogo kuliko umri wake, na majirani husema ndivyo familia yao ilivyo.

Kwa utapiamlo wa ghafla, mhudumu hutumia utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani ni milimita 125 au zaidi. Njano ni kati ya 115 na 125, na mtoto anahitaji kufuatiliwa. Nyekundu, yaani chini ya milimita 115, ni hatari, na mtoto hupelekwa kituoni kwa matibabu. Miguu yote miwili ikivimba, apelekwe hata kama utepe unaonyesha kijani.

Kwenye kolini nyingi kuna pia FARN, yaani jiko la mafunzo ambapo akina mama hukutana siku 12 mfululizo, wakipika vyakula vya mashamba yao wenyewe: maharage, lengalenga, viazi vitamu, ndagala na mafuta ya mawese. Kiongozi wao ni mama wa hapo hapo ambaye watoto wake wanakua vizuri ingawa kipato chake ni sawa na cha wenzake. Anayechangia kiganja cha maharage anafundishwa sawa na anayeleta ndagala.

Nani analipa?

Tangu Mei 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua, pamoja na upasuaji wa uzazi, ni bure kwenye vituo vya serikali nchini Burundi. Mwaka 2010 mpango huo uliunganishwa na utaratibu wa kuvilipa vituo kulingana na huduma walizotoa. Raia aliyerudi kutoka ukimbizini ana haki hiyo hiyo. Hakuna anayeipoteza kwa sababu alikaa Tanzania miaka mingi.

Kwa wanafamilia wengine ipo kadi ya msaada wa matibabu, CAM. Ilipozinduliwa upya mwaka 2012, bei yake ilikuwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, na mgonjwa alichangia asilimia 20 ya gharama. Uliza bei ya sasa kwenye ofisi ya komini mapema, kwa sababu kadi haisaidii ikitafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Mjamzito aanze kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwenye hudhurio la kwanza hupimwa damu na kupewa chandarua chenye dawa. Chandarua hicho ni cha kulalia. Hakifuniki kuku wala hakivui samaki.

Unaporudi kutoka Tanzania, au ukiwa mkimbizi Muyinga

Kabla ya kupanda gari la kurudi, weka pamoja kadi za chanjo, kadi ya kliniki ya mjamzito na karatasi za hospitali. Mtoto haanzi chanjo upya, bali anaendelea pale alipoishia. Kadi ikipotea, mwambie muuguzi ukweli. Kurudia dozi hakumdhuru mtoto, lakini kukosa dozi kunaweza kumdhuru.

Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI aombe barua ya uhamisho na dawa za kumtosha hadi afike kituo kipya. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi sita. Ukiyakatiza njiani, ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi kutibika. Mhudumu wa kolini halazimiki kujua ugonjwa wako. Barua mpe muuguzi.

Mkimbizi anayeishi kambini, kama Kinama huko Gasorwe, aanzie kwenye kituo cha afya cha kambi. Rufaa ya kwenda hospitali hupitia hapo. Anayekwenda hospitali mwenyewe bila barua anaweza kudaiwa gharama asizoweza kuzilipa. Ikiwa ni hatari ya maisha, mweleze mhudumu wa kambi mara moja ili usafiri utafutwe.

Magonjwa hayajui mpaka wa kambi

Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Tarehe 25 Julai 2024 ilitangaza mpox. Milipuko ya namna hii inahitaji mtu wa kijijini atakayeona dalili mapema na kuzitaja: mguu wa mtoto uliolegea ghafla, malengelenge yenye homa, kuhara maji mengi katika nyumba mbili za jirani. Nyumba inayofichwa, iwe ya mkimbizi, ya aliyerudi au ya mwenyeji, inaweza kuugharimu mtaa mzima.

Utaratibu huu una udhaifu wake. Mhudumu ni mtu wa kujitolea, na siku ya kupanda maharage anaweza kuwa shambani. Wakati mwingine vipimo au dawa humwishia kabla hajaletewa vingine. Akikwambia hana dawa, usimgombeze wala usirudi kulala. Mwombe karatasi ya rufaa, au jina la kituo kilicho karibu, na uondoke saa hiyo hiyo. Malalamiko kuhusu huduma yapelekwe kwenye kamati ya afya ya kituo, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wakazi.

Wiki hii fanya mambo matatu. Muulize mkuu wa kolini, au kiongozi wa mtaa wako kambini, mhudumu wenu ni nani na anakaa nyumba ipi. Tembea hadi kwake mchana, ili usiku njia usiipoteze. Kisha weka kadi za watoto wote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua.