Kubadili Kasiba si Kubadili Kanzu

Maneno husafiri kama majahazi. Wazee wetu waliosubu risasi majumbani mwao waliimimina katika kalibu, neno la Kiarabu. Wataalamu wengi wa lugha wanasema kwamba neno hilo ndilo lililovuka kwenda Ulaya, likawa jina la upana wa tundu la bunduki, nasi leo tumerudishiwa kwa sura ya kaliba. Na kasiba, ule mwanzi wa chuma anaoupitia kila mlengaji, nalo asili yake ni Kiarabu: ni unyasi, mfano wa ule tuliouchonga kalamu tulipokuwa watoto wa chuoni.

Maneno haya mawili yamenijia kwa sababu ya barua. Ami yangu mmoja aishiye Oman, mzee aliyekwisha kuota mvi mpaka nyusi, anayo bunduki ya Martini aliyoachiwa na babaye. Imetundikwa ukutani, hushushwa siku za harusi na sikukuu. Kasiba yake imeliwa na kutu. Mjukuu wake, kijana mwenye mikono ya ufundi, anataka kuing'oa na kutia nyingine yenye tundu dogo, ya kaliba ya .303, kwa kuwa viasi vya ile ya zamani ni adimu. Ami aliniandikia: "Mwanangu, wewe ndiwe msomaji wa vitabu. Je, nimwachie?"

Naam, msomaji, jambo hili si geni. Waingereza wenyewe walilifanya. Mwaka 1871 jeshi lao lilipokea bunduki ya Martini-Henry. Mtambo wa nyuma ulitokana na ubunifu wa Friedrich von Martini, aliyefanya kazi Uswisi; mifuo ya ndani ya kasiba ilikuwa ya Alexander Henry, fundi wa Edinburgh. Kichwa cha risasi kilikuwa kinene, inchi 0.45, uzito gramu 31, kikisukumwa na baruti nyeusi yenye moshi wa kuziba macho. Kufikia 1888 wakahamia bunduki ya Lee-Metford, tundu inchi 0.303, kichwa cha gramu 14 hivi. Basi zile Martini zifanywe nini? Kuanzia 1889 nyingi ziling'olewa kasiba zikatiwa mpya za .303. Kwanza ziliitwa Martini-Metford, na tangu 1895, mifuo ilipobadilishwa tena, Martini-Enfield. Baadhi yake zilionekana mikononi mwa Waarabu waliowaasi Waturuki mwaka 1916 hadi 1918.

Lakini kasiba si kanzu, useme hii imechakaa nivae ile. Ndani yake mna mifuo, nayo haikunyooka, bali imejisokota kama kamba. Risasi ikipita hubanwa na mifuo hiyo, ikatoka inazunguka. Mtoto yeyote aliyecheza pia anaijua siri hii: pia ikizunguka husimama wima, ikichoka huyumba, kisha huanguka. Risasi isiyozunguka vya kutosha nayo huyumba hewani, ikabiringika, ikapiga shabaha kwa ubavu au isiipige kabisa.

Swali la fundi ni hili: isokotwe kiasi gani? Katika Martini-Henry mifuo hukamilisha mzunguko mmoja katika kila inchi 22. Katika .303 mzunguko mmoja ni kila inchi 10. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Wengi watajibu kwamba ni uzito. La. Risasi ya Martini ni nzito zaidi ya mara mbili, nayo ndiyo iliyohitaji msokoto mdogo. Jawabu limo katika umbo. Vichwa vyote viwili vina urefu wa karibu inchi moja na robo. Urefu mmoja, unene mbalimbali. Cha Martini ni kifupi na kinene kama pipa, urefu wake haufiki mara tatu ya upana. Cha .303 ni chembamba kama tende ya khalasi iliyovutwa, urefu wake kama mara nne ya upana. Kirefu na chembamba hupinduliwa upesi na hewa, kwa hiyo hutaka kuzungushwa kwa kasi zaidi.

George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, aliiwekea jambo hili kanuni mwaka 1879. Chukua upana wa risasi kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa 150, halafu ugawanye kwa urefu. Kwa Martini utapata inchi 24 hivi, kwa.303, inchi 11 na nusu hivi. Mafundi walichagua 22 na 10, wakajiwekea akiba kidogo. Akiba hiyo ni hekima. Wamarekani walipoijaribu bunduki yao ya M16 katika baridi kali, ambako hewa ni nzito, msokoto wa inchi 14 haukutosha. Wakaufanya 12 mwaka 1963. Katika miaka ya 1980 walipopokea risasi ndefu zaidi, wakashuka mpaka 7.

Msokoto ukizidi nao una gharama. Risasi ya madini laini tupu, ikisukumwa kwa nguvu katika msokoto mkali, huweza kuiruka mifuo badala ya kuifuata. Ndiyo maana zile za .303 zilivikwa ganda la madini magumu.

Tena, kasiba si peke yake. Chumba cha kiasi hubadilika, ukucha wa kutolea ganda hubadilika, tundu la pini ya kupigia husahihishwa, vilengeo hupimwa upya. Na juu ya yote, baruti mpya isiyo moshi husukuma kwa nguvu ambayo mtambo wa zamani haukuizoea. Kila mlango na ufunguo wake. Kiwanda cha serikali kilijua chuma chake na kilijaribu kila bunduki kabla ya kuipiga muhuri.

Hilo la muhuri ndilo lililonifanya nimwombe ami picha ya ubavu wa bunduki yake. Ilipofika niliikuza, nikaisoma polepole kama nisomavyo hati ya zamani. Taji lilikuwapo. Jina la Enfield lilikuwapo. Lakini herufi N ilitazama upande usio wake.

Mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na Peshawar, wana sifa ya kuiga bunduki kwa mkono na tupa, hata mihuri wakaichonga bila kujua kuisoma. Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha wakati ule, na bahari hupeleka na kurudisha. Bunduki ya babu haikutoka Uingereza. Ilitoka katika karakana ya Mwislamu mmoja mlimani, ambaye jina lake hatutalijua, na ugumu wa chuma chake vilevile hatutaujua.

Niliandika jibu kwa uzito, maana mzee alikuwa akijifaharisha kwa bunduki ya kiwandani. Nikamwambia: ami, mtambo huu usibebeshwe nguvu ya .303. Ukipasuka, utapasukia usoni mwa mjukuu wako.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Kijana nimemkataza. Kutu tumeifuta, mafuta tumepaka, kasiba ni ile ile. Na ile herufi iliyogeuka nawaonyesha wageni wote. Aliyeichonga hakujua kusoma, lakini alijua kazi."

Bunduki imerudi ukutani.