Jiwe Moja la Kisiwa cha Danco

Leo twawaalika kusafiri nasi mbali sana, hata mwisho wa dunia upande wa kusini, katika bara la Antaktika. Huko hakuna kijiji wala shamba. Barafu imefunika karibu nchi yote. Hata hivyo, kila mwaka, tangu Novemba hata Machi, meli hupeleka wageni waliolipa fedha nyingi ili waione nchi hiyo, na wengine huenda pamoja na watoto wao. Tuwaze jamaa moja ya namna hiyo, watu wa Anvers: baba, mama, kijana wa miaka 12 na dada yake wa miaka 9. Tufuatane nao siku moja ya Desemba.

Wameondoka Ushuaia, mji wa Argentina, wakavuka bahari kali kwa siku mbili. Asubuhi hii meli imesimama mbele ya kisiwa cha Danco. Émile Danco alikuwa mmoja wa wataalamu wa meli Belgica, iliyotoka Anvers mwaka 1897 chini ya Adrien de Gerlache. Meli ile ilinaswa na barafu, na Danco akafa humo tarehe 5 Juni 1898, wakati wa usiku mrefu usio na jua.

Kushuka si jambo la haraka. Kwanza mifuko na mikunjo ya nguo hukaguliwa, isifichike mbegu hata moja ya nchi nyingine. Viatu vya mpira huoshwa kwa dawa. Chakula hakipelekwi pwani. Tena, kwa sababu ya homa ya ndege, iliyohakikishwa katika bara lile mwaka 2024, wageni hawaketi wala hawapigi magoti chini. Wala hawashuki zaidi ya watu 100 kwa mara moja.

Basi mashua ya mpira yawafikisha pwani. Pengwini, ndege wale wasioruka, wamesimama kwa mamia juu ya mteremko. Kiongozi asema: «Hapa wenyeji ndio hawa. Mkae mbali nao mita 5, na mkikutana njiani, ninyi ndio mtakaowapisha.»

Kijana anapiga hatua, mguu wazama katika theluji mpaka goti. Kiongozi amwamuru alifukie shimo lile kabla ya kuendelea, maana pengwini, mwenye miguu mifupi, akitumbukia humo huenda asitoke tena.

Binti naye ameduwaa mbele ya viota. Pengwini hawa hawana majani wala miti. Hujenga kwa mawe madogo, ili maji ya theluji inayoyeyuka yasiyafikie mayai yao mawili. Mume na mke hulalia mayai kwa zamu. Mmoja arudi na jiwe mdomoni, aliweke kwa adabu mbele ya mwenzake. Mara jirani anyosha shingo, alinyakue!

«Mama, tazama mwizi yule!» binti apaza sauti, nao wote wacheka.

Saa ya kurudi ikafika. Karibu na maji, baba akainama, akaokota jiwe jeusi, laini, akalitia mfukoni. Alitaka kuliweka mezani nyumbani, liwe ukumbusho. Binti alimwona.

«Baba, na kama ni la nyumba yao?»

Baba alinyamaza kidogo. Hakuna mwingine aliyeona. Kisha akalitoa, akalirudisha pale pale alipoliokota. «Asante, mwanangu,» akasema.

Mwaka 1959 mataifa 12, Ubelgiji ikiwamo, yalitia sahihi mapatano kwamba Antaktika iwe nchi ya amani na ya elimu. Mwaka 1991 yakaongezwa mengine yaliyokataza kuchimba madini huko. Sisi tulio wa nchi ya shaba twajua vema jinsi jiwe moja linavyoweza kuita maelfu. Mapatano huandikwa na wakubwa kwa wino. Lakini kule pwani, mbali na macho ya askari na hakimu, yanalindwa na mfuko wa koti la mtu mmoja. Tena siku ile, aliyeyalinda alikuwa mtoto wa miaka 9, kwa kuwa alitazama vema kazi ya wenyeji wake.