Bakshishi Si Ujira, Wala Si Hongo

Juma hili twapenda kuligusa jambo dogo ambalo aghalabu huzusha manung'uniko makubwa kwenye malango ya kambi zetu: kumpa chochote yule aliyekuletea maji, gesi, chakula au mzigo wa sokoni, baada ya kwisha kumlipa haki yake.

Neno bakshishi asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kutoa kwa hiari. Hapa Uganda wengi hawalitamki. Husema "ya soda", "ya maji" au "ya chai". Hapo ndipo matata huanzia, kwa kuwa maneno hayo hayo ndiyo atumiayo mtu anayeomba hongo au kuitoa. Mama aliyempa mchukuzi sarafu ya shilingi 500 "ya soda", na dereva aliyekunja noti ndani ya leseni yake "ya soda" ya askari wa barabarani, wametumia lugha moja kwa mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo.

Lakini tuanze na ujira, maana ndio msingi. Kiwango cha chini cha mshahara kilichotangazwa nchini ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nacho kiliwekwa mwaka 1984, kabla ya fedha zetu kubadilishwa mwaka 1987 na sufuri mbili kuondolewa. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mhudumu wa mkahawani au mpakuzi wa mizigo hana kiwango chenye maana cha kuegemea. Ana mapatano yake na tajiri tu. Mwendesha boda boda naye, mara nyingi, pikipiki si yake. Humpelekea mwenye chombo kiasi walichoafikiana kila siku au kila juma, apate abiria asipate, na petroli hununua mwenyewe. Kila dakika anayosimamishwa juani langoni akingoja mtoto wa nyumba aitwe, ni dakika iliyotoka mfukoni mwake.

Na hapa yatupasa kusema wazi lile linalosemwa kwa minong'ono vijiweni. Wapo waendeshaji ambao wakimwona mtu mwenye sare anapunga mkono, hujifanya wanatengeneza mnyororo. Hawaichukii sare. Wanachoogopa ni hesabu ya mwisho wa safari. Askari aliyepatana shilingi 4,000, kisha akatoa 3,000 na kuongeza maneno matamu, hakumpa kijana yule heshima yoyote, amemkata 1,000. Kijana hatadai. Atasema, "Sawa, afande," atawasha pikipiki na kwenda zake. Msomaji asidhani kwamba "sawa" hiyo ni ridhaa. Mtu asiye na uwezo wa kukataa hatuwezi kusema kwamba amekubali.

Jambo hili huwahusu akina mama wa kambini vilevile, ingawa hawavai sare. Muuza mkaa anajua vyema anazungumza na mke wa nani. Ndiyo sababu twashauri kwamba katika nyumba zetu bei ipatanwe kabla ya mzigo kupakiwa, ilipwe yote, na ilipwe papo hapo. Bakshishi ije baadaye, ikiwapo. Aliyelipa haki kamili bila kuongeza hata senti hana deni na mtu, na asione haya. Aliyepunguza haki, kisha akatoa 200 kwa madaha mbele ya wageni, hajatoa bakshishi bali amerudisha sehemu ya mali ya mwenyewe.

Basi ni nani wa kukumbukwa? Kwa maoni yetu, uzito wa kazi na utangulie adabu ya maneno. Dumu moja la maji la lita 20 ni kilo 20. Anayekupandishia matatu hadi orofa ya tatu amebeba kilo 60 kwa miguu yake. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una kilo hizo za gesi pekee, chuma chake hakijahesabiwa. Huyu anastahili kukumbukwa kuliko kijana mwenye tabasamu aliyekufungulia mlango wa gari ambao ungeweza kuufungua mwenyewe. Anastahili pia aliyekuja wakati wa mvua, aliyefika usiku, au aliyerudi na simu yako uliyoisahau kikapuni. Kwa safari ya kawaida yatosha kuacha chenji: ukiambiwa 4,500 ukatoa noti ya 5,000, mwachie ile sarafu. Asiye na sarafu ana maji ya kunywa na kigoda cha kukalia, na si mara chache vitu hivyo hupokewa kwa furaha zaidi. Mpe kwa mkono wa kulia, umtazame usoni. Na ukimtuma mtoto, mfundishe asiitupe fedha kwenye kiti cha pikipiki.

Mkahawani, soma hati ya malipo kwanza. Kodi ya VAT ya asilimia 18 huenda serikalini, haimfikii mhudumu. Ikiwa yameandikwa malipo ya huduma, hulazimiki kuongeza kitu. Na mtumishi wa nyumbani kwako asihesabiwe katika habari hizi: kitenge cha Krismasi au cha Idi si badala ya mshahara wake wa miezi miwili.

Tumefika kwenye hongo. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 imeitaja zawadi waziwazi miongoni mwa vitu ambavyo mtumishi wa umma haruhusiwi kuvipokea ili atende au asitende kazi yake, na mtoaji naye ana hatia. Kwa hiyo askari wa zamu, muuguzi wa hospitali ya serikali na karani wa ofisi ya umma hawapewi bakshishi, hata kama wametuhudumia kwa wema wa ajabu. Mlinzi wa lango la kambi hali kadhalika: mleta gesi asitakiwe "kitu kidogo" ndipo apite. Namna ya kutofautisha si ngumu. Bakshishi hutolewa kazi ikiisha, mbele za watu, na isipotolewa hapana litakalobadilika. Hongo hutangulia kazi, hutafuta kivuli, na isipotolewa faili hupotea.

Kwa wale wanaotumwa masomoni ng'ambo, desturi hugeuka kabisa. Huko Marekani sheria ya shirikisho humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Hivyo mlaji hutarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20, na asiyeongeza huhesabiwa mkorofi. Huko Japani ukiacha fedha mezani, yamkini mhudumu atakukimbilia njiani akurudishie, akidhani umezisahau.

Mwisho, kuhusu simu. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2009, wengi hulipa kwa njia hiyo hata mzigo wa mboga. Kumbuka kwamba mpokeaji hukatwa ada anapozitoa, na tangu mwaka 2018 serikali nayo hutoza asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Bakshishi ya shilingi 500 iliyotumwa peke yake yaweza kupunguzwa sana na ada hizo. Iunganishe na ujira katika malipo mamoja, uongeze na ya kutolea. Au weka sarafu kadhaa katika kopo karibu na mlango, mahali ambapo watoto hawafiki.