Fundi wa Matiliku Anapotaka Kuwa Mkandarasi

Fundi anayejulikana kwa kazi safi hakosi riziki Matiliku, kaunti ya Makueni. Vyumba vya kupangisha vinajengwa sokoni, mabati ya zamani yanabadilishwa, na kila nyumba ya eneo hili la Nzaui inataka mifereji ya kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Kazi nyingi kati ya hizo ni za leba: mwenye nyumba hununua saruji, mchanga na nondo, fundi huleta mikono na vibarua. Siku fundi anapokubali kazi nzima, pamoja na vifaa, amekuwa mkandarasi, na hasara yoyote itakayotokea itatoka mfukoni mwake.

Wengi hujiandaa kwa siku hiyo kwa kutafuta jina la kampuni na kununua miksa ya zege. Mimi nasema maandalizi makubwa ni ya kile kipindi kirefu kati ya kumaliza kazi na kulipwa. Hapo ndipo kampuni changa nyingi huzama, hata zile zenye mafundi hodari.

Tuchukue mfano wa kazi ya shilingi 400,000. Vifaa 240,000, vibarua 90,000, usafiri 20,000. Kwenye karatasi umebakiwa na 50,000. Lakini mteja akiwa taasisi, anatakiwa kukata kodi ya asilimia 3 kabla ya kukulipa, yaani 12,000, ambayo utaidai baadaye unapowasilisha hesabu zako kwa mamlaka ya mapato, KRA. Kisha mkataba ukiruhusu ashikilie asilimia 10 mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe, ambao mara nyingi ni miezi 6, hiyo ni 40,000 nyingine. Jumla ni 52,000. Umemaliza kazi, ukuta umesimama wima, na mfukoni una upungufu wa 2,000. Wala hatujahesabu mvua iliyosimamisha kazi wiki nzima, saruji iliyoganda kwenye mfuko, au siku zako mwenyewe za kusimamia. Siku zako zina bei. Ziandike kwenye makadirio kama unavyoandika nondo.

Makaratasi yanahitaji uvumilivu, na hayafai kuanzwa wiki ya zabuni. Aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mzee bila kuingia chuoni anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la 3 hadi la 1, akapata cheti. Jina la biashara au kampuni husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwasajili wakandarasi katika madaraja 8. La 8 ndilo la chini, na ndipo wengi huanzia. Sheria hiyo inataka angalau mmoja wa washirika au wakurugenzi awe na ujuzi wa kazi yenyewe. Hapa fundi ana nguvu kuliko mfanyabiashara mwenye pesa tupu, na asikubali kulitoa jina lake litumiwe na kampuni ya mwingine kwa bei ya chakula cha mchana. Fundi wa umeme ana mlango wa ziada: leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Ongeza kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha KRA kwamba hudaiwi kodi, na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wachukue pia cheti cha AGPO, mpango wa kuwapa nafasi katika zabuni za serikali. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa makundi hayo, na kwenye zabuni hizo hujaza fomu ya ahadi badala ya kuweka dhamana ya benki. Kwa mtu anayeanza, unafuu huo ni mkubwa.

Makueni ina mambo yake mawili ambayo mkandarasi mgeni huyajua akiwa amechelewa. La kwanza ni kamati za wananchi za kusimamia miradi ya kaunti. Wanakamati huchaguliwa na wakazi wenyewe, na malipo ya mkandarasi hutegemea sahihi yao pamoja na ya mhandisi. Mama anayepita kwenye mradi kila asubuhi akienda kuteka maji anaweza kukuuliza mbona kokoto ni chache, na ana haki ya kujibiwa. Mwonyeshe michoro na vipimo tangu siku ya kwanza. La pili ni mchanga. Kaunti ilipitisha sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, kwa sababu mchanga wa mito yetu ya msimu ndio unaotunza maji wakati wa kiangazi. Nunua ule wenye kibali, hata kama lori la usiku linauza kwa bei nafuu. Anayejenga tangi la shule kwa mchanga wa wizi anaikausha mito ile ile inayoinywesha jamii ya shule hiyo.

Na zabuni za serikali je? Zitafute, lakini zisiwe kazi yako ya kwanza. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na kaunti nyingi za Kenya zimebeba madeni ya wakandarasi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Kibarua hawezi kungoja hivyo. Jumamosi jioni anataka pesa yake apeleke unga nyumbani. Anza na kazi za watu binafsi, lipwa kwa hatua: msingi, ukuta, paa. Kila hatua iandikwe na kutiwa sahihi, hata mteja akiwa mjomba wako. Pesa ya mteja mmoja isinunue saruji ya mwingine.

Ewe fundi unayejiandaa, usitie sahihi mkataba wa vifaa kabla hujaweka akiba ya kuwalipa vibarua wako miezi 3 bila kupokea hata senti. Kama akiba hiyo bado haijatimia, endelea na leba mwaka mmoja zaidi.